Mgeni wa Siku Mbili na Mfuko Wake

Wazee walisema, Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii twaifahamu sote, nayo hutajwa mara nyingi kwa kucheka. Lakini mwenye kuihesabu vizuri ataona kwamba siku hizi yuko mgeni ambaye haimpati kamwe. Ni yule aendaye kijijini kwa mwisho wa juma. Hutoka mjini Ijumaa jioni, au Jumamosi alfajiri, hulala usiku mmoja au miwili, na Jumapili baada ya ibada na chakula cha mchana yuko njiani tena. Siku ya tatu hajaiona. Jembe limesimama palepale ukutani, wala hakuna aliyemwonyesha. Aweza kufanya hivi mwaka baada ya mwaka, akawa mgeni maisha yake yote katika nyumba ya baba yake mwenyewe.

Basi na tumtazame mtu huyu anapofunga mzigo wake. Tuseme anakaa Mwanza, naye anakwenda Nyangoto katika wilaya ya Tarime. Atapita Bunda, atavuka Mto Mara penye daraja la Kirumi, atafika mji wa Tarime, kisha atashika njia ya Nyamwaga mpaka Nyamongo. Usiku wa kuamkia safari mfuko uko wazi juu ya kitanda. Atie nini, aache nini? Wengi hudhani hili ni shauri la nafasi katika gari tu. Sisi twaona kwamba ni swali la haki. Maana kila kitu anachokitia chasema neno juu ya nyumba anayoiendea, na kila kitu anachokiacha atadaiwa mtu mwingine kwa ajili yake.

Wako waendao mikono mitupu, nao wana hoja yao. Husema, Nakwenda kwetu. Nani achukuaye kitanda kwenda kwao? Neno hili lina utamu wake, na lingekuwa kweli kama nyumba ya kwao ingekuwa na vitu vya akiba vikimngoja. Lakini nyumba nyingi hazina blanketi la akiba. Tarime ni nchi ya juu, na baridi ya usiku haina mzaha, hasa mvua ikiwa imenyesha jioni. Mgeni afikapo bila shuka wala blanketi, mama mwenye nyumba hatamwambia kwamba hakuna. Ataingia chumba cha ndani, na baada ya kitambo atatoka na blanketi lililokunjwa vizuri. Limetoka wapi? Limetoka kwa watoto, ambao usiku ule watalala watatu chini ya kanga moja. Ndivyo ilivyo na chandarua pia, katika nchi hizi za Ziwa ambako malaria ni adui wa kila siku: kikihamishwa kwa ajili ya mgeni, yuko mtoto atakayeumwa na mbu badala yake. Mgeni ataamka asubuhi akiusifu ukarimu wa kijijini, wala hatajua ni nani aliyelipa.

Kwa hiyo shuka, blanketi, chandarua, sabuni, tochi, na dawa anazozitumia kila siku, vitu hivi viingie mfukoni kwanza, wala asione haya. Havimtukani mwenyeji hata kidogo. Vyamwokoa asiwe mnyang'anyi wa watoto bila kujua.

Habari ya kuku ni nyingine, na hapa twatofautiana na ndugu zetu wenye huruma nyingi. Wao hufika na kusema mlangoni, Tafadhali msinichinjie kuku, mimi si mgeni. Wadhani wamemhurumia mwenyeji. Lakini kuku si kama blanketi. Blanketi la mtoto lilichukuliwa pasipo shauri la mtoto. Kuku ametolewa na mwenyewe, kwa hiari yake, baada ya kuwatazama kuku wake wote na kumchagua mmoja. Huenda alikuwa amewekwa kwa ajili ya daftari za shule. Mwenye nyumba alijua hayo, akaamua. Mtu akimzuia, amemwambia kwamba umaskini wake umeonekana, na kwamba uamuzi wake si kitu. Na amle kuku yule. Amle kwa shukrani na aombe mchuzi tena. Hata akiwekewa nyama yenye kichuri, ule uchungu ambao Wakurya huusifu na watu wa pwani huuogopa, na aonje kabla hajasema tumbo linauma.

Sasa tuwatazame wa upande wa pili, yaani wale wachukuao kila kitu. Hawa siku hizi wanaongezeka. Mfuko wao una mkate, biskuti, chai yao, sukari yao, sahani na kikombe chao, na wengine wamefunga godoro juu ya gari. Ukiwauliza, hujibu kwamba hawapendi kumsumbua mtu. Jibu hili lina sura ya unyenyekevu, nasi tusilikubali upesi. Mtu asiyehitaji kitu chochote katika nyumba hajaingia katika nyumba ile. Amepiga hema ndani yake. Tena nyumba za kijijini hazina siri. Usiku, taa ikiisha kuzimwa, mgeni atoapo biskuti zake chini ya blanketi, karatasi hulia. Watoto wa chumba cha pili hunyamaza wakaisikiliza ile karatasi mpaka mwisho. Asubuhi watamwamkia, Shikamoo baba mdogo, naye ataitika Marahaba kwa sauti nzuri, lakini wao wamekwisha kumjua kwa jambo moja ambalo hakutaka walijue.

Katika mambo yote ya mfuko, lililo gumu zaidi huko Nyangoto ni maji. Mahali pengine mgeni akija na chupa yake ya maji, watu watamcheka tu na kusema ana tumbo la kizungu. Nyangoto si hivyo. Mwezi wa Mei mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka katika mgodi wa dhahabu wa North Mara yakaingia Mto Tigithe, ambao hutiririka kuelekea Mto Mara. Wenyeji walilalamika juu ya ngozi zao na mifugo yao, habari ikafika mbali, na neno maji likapata uzito ambao halikuwa nao zamani. Tena yafaa ijulikane kwamba kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi tindikali wala madini yaliyoyeyuka. Mtu wa mjini aliyesoma anayajua haya, na ndiyo sababu anatia chupa sita katika mfuko wake.

Je, amekosa? Hatuwezi kusema kwamba imempasa mtu anywe asichokiamini ili kuonyesha adabu. Tumbo lake ni amana, na watoto wake wanamtegemea. Lakini tazama yanayotokea akiisha kuketi. Chupa imesimama karibu na kiti chake. Mbele yake kuna mtungi, na watoto wanakuja na kikombe, wanachota, wanakunywa, wanakwenda kucheza. Hakusema neno, lakini chupa imesema: maji haya hayanifai mimi, nanyi yanawafaa. Mwenyeji ameelewa. Atamwonyesha mgeni uso uleule, lakini ndani yake kitu kimefungwa.

Wako wasemao kwamba aifiche chupa, anywe chumbani. Hii ni biskuti chini ya blanketi mara ya pili. Sisi twaona kwamba ubaya hauko katika kuchukua maji. Uko katika kuyachukua kwa kinywa kimoja. Akiyaogopa maji ya pale, na achukue dumu zima la lita 20, au zaidi kama ana gari, aliweke jikoni, aseme wazi mbele ya baba na mama kwamba ameyaleta ili wote wayanywe siku atakazokuwapo. Labda watamwambia, Sisi kisima chetu kiko juu, mbali na mto, maji yake hayana neno. Naye atayanywa, na mashaka yake yatakuwa yamejibiwa na wenyewe wanaojua. Labda watayapokea. Na Jumatatu je, dumu likiwa tupu? Hapo mfuko umefika mwisho wa nguvu zake, wala hatutaki kumdanganya msomaji kwamba mzigo wa mtu mmoja waweza kutengeneza mto. Ila mtu aliyeogopa maji kwa siku mbili amejifunza jambo ambalo wenyeji wake huishi nalo siku zote za mwaka; naye mjini yuko karibu na ofisi, anajua kuandika barua, na kinywa anacho. Kama woga wake ulikwisha pale alipofika Tarime kupanda basi la kurudi, basi ulikuwa woga wa nafsi yake tu.

Twende kwenye zawadi. Sukari, chumvi, mchele, majani ya chai, mafuta ya kupikia, kitenge cha mama: vitu hivi hakuna asiyevijua. Wako wasemao vimepitwa na wakati. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza katika Tanzania, mtoto aweza kumpelekea mama yake fedha kwa simu akiwa Mwanza au Dar es Salaam, na mama akanunua mwenyewe anachokitaka. Nyamongo kuna maduka, wala sukari haikosekani. Haya yote ni kweli. Fedha za simu zimewasaidia wazee wengi, nasi hatuzidharau. Mtu asiyetaka kuchukua sukari kutoka Mwanza na ainunue Nyamongo. Tena ni vizuri, maana mwenye duka ni jirani wa mama yake naye ataona kwamba mwana amekuja. Lakini fedha zilizotangulia kwa simu zisiwe sababu ya mikono kuwa mitupu mlangoni. Fedha hufika wakati zinapotumwa. Zawadi hufika pamoja na mtu.

Na wakati wa kuitoa una maana kubwa kuliko bei yake. Wengi huiacha zawadi mfukoni mpaka Jumapili mchana, wakaitoa wakiwa wamesimama, viatu vimevaliwa. Wadhani ni heshima. Kwa kweli zawadi ya kuondoka hufanana na malipo ya chakula na malazi, na mwenyeji huipokea huku anahesabu moyoni kama kuku wake amelingana na sukari ile. Na itolewe saa ya kufika, kabla ya maji ya kunawa, kwa mama mwenyewe, pasipo maneno mengi, ili iingie katika chungu cha jioni ile na mgeni ailè pamoja nao.

Hapa lafaa kukumbukwa neno moja la zamani. Siku za misafara ya pwani na bara, hongo ilikuwa jina la ushuru ambao mkuu wa msafara alimlipa mtawala wa nchi ili apewe njia. Wapagazi walichukua mizigo ya kama frasila mbili mbili, na sehemu kubwa ya mizigo ile ilikuwa merikani, kaniki, shanga na nyaya, vya kununulia chakula na kulipia hongo. Aliyelipa alipita. Hakukaa, wala hakujua jina la mke wa mtawala. Leo neno lile limekuwa rushwa, nasi twalichukia. Lakini wako wageni wa mwisho wa juma wanaotoa hongo ya namna ile ya kwanza. Huleta vitu vingi na vya thamani, wakavishusha kwa kishindo, kisha hupewa njia: hawaulizwi kwa nini hawakuja kwenye msiba wa shangazi, hawaitwi kwenye kikao cha ukoo, huachwa walale mpaka saa nne. Mzee akitaka kuwaambia neno zito huitazama sukari, akanyamaza. Mzigo mkubwa kupita kiasi huziba vinywa vya wazee. Ndiyo maana twasema zawadi iwe ya kadiri, na mwenye kuileta akae mahali ambapo aweza kuulizwa.

Na juu ya ukubwa wa mzigo, jambo jingine dogo. Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipokuja Afrika Mashariki kuwinda mwaka 1909, alikuja na sanduku la vitabu vyake vilivyofungwa kwa ngozi ya nguruwe, nalo lilikuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Twapenda vitabu, wala hatumlaumu mtu kwa kusoma porini. Ila mtu aliyelichukua sanduku hakuvichagua vitabu vile. Leo hatuna wapagazi, lakini mgeni ashukapo penye kituo, yuko mtoto wa kaka yake aliyetumwa kumpokea, mwenye miaka kumi au kumi na mmoja, naye ataukimbilia mfuko na kuutia kichwani bila kuuliza una nini. Mwenye kufunga mzigo na akumbuke shingo ile.

Msomaji aliye katekista au mwinjilisti atasema, Mimi je, niendaye mtaa wa mbali Jumamosi ili nihubiri Jumapili? Sendi kwetu, nalala kwa Wakristo, leo huyu, juma lijalo yule. Ndugu, kwako jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa huwezi kuchagua kutokwenda. Wale sabini walipotumwa walikatazwa mfuko na mkoba, wakaambiwa wale walichoandaliwa. Wala hawakuruhusiwa kuhamahama nyumba kwa nyumba wakitafuta iliyo bora. Na baadaye, saa ya hatari ilipokaribia, aliyekuwa na mfuko aliambiwa auchukue. Wengine hushika neno la kwanza tu, kwa sababu huwapunguzia gharama. Lakini nabii Elisha hakumwagiza yule mwanamke wa Shunemu amjengee chumba cha juu; mwanamke mwenyewe alikaa na mumewe wakashauriana, nao walikuwa watu wenye mali. Tena Elisha, alipokwisha kupumzika pale, hakuridhika kupokea tu. Aliuliza mama yule atendewe nini. Basi mwinjilisti na apokee kwa furaha kilichoshauriwa na wenye nyumba. Blanketi lake na alichukue mwenyewe juu ya baiskeli, na asiitazame nyumba ya mjane kama aitazamavyo ya Mshunemu.

Turudi kwa jembe, maana ndilo lililotuleta hapa. Katika mfuko wa mtu wa mjini mna suti ya Jumapili, shati la jioni, na viatu vilivyong'arishwa. Kitu kimoja hukosekana karibu daima, nacho ni nguo ya kazi: suruali iliyochakaa, shati lisilo na vifungo viwili, viatu vya matope. Asiyekuwa nayo ameamua tangu Mwanza kwamba hatashika kitu. Atakaa chini ya mti akiwatazama wenzake wakipita na majembe, na kila anayepita atamwambia, Kaa, kaa, wewe umechoka na safari. Mfuko umekwisha kumjibia.

Lakini wakati wa masika palizi haingoji Jumatatu. Tena Nyangoto si mahali ambapo jembe ni neno jepesi. Uchimbaji mkubwa ulianza katika mgodi wa North Mara mwaka 2002, na tangu hapo baadhi ya jamaa wameyaacha mashamba yao yakaingia katika eneo la mgodi. Vijana wengine wamekwenda kutafuta dhahabu kwa sururu na nyundo, wengine mjini kama huyu wetu. Mashamba yaliyobaki yako mikononi mwa wazee na akina mama. Shamba likiwa dogo, kila mstari wa mahindi huhesabiwa, na saa tatu za mtu mwenye nguvu, Jumamosi asubuhi kabla ya jua kali, zaonekana kwa macho. Mzee atamkataza, ni desturi yake kukataza. Atasema, Mwanangu, wewe ni mgeni. Hapo mwana aliyechukua nguo ya kazi hajibu neno. Huingia ndani, huvaa, hutoka, hulichukua jembe ukutani. Mzee hatamnyang'anya. Naye amejiletea siku ya tatu ndani ya siku ya kwanza.

Wako watakaosema kwamba saa tatu za jembe ni mchezo wa mtu wa mjini, na kwamba mikono yake laini itaharibu mahindi zaidi ya kuyapalilia. Yawezekana. Mama atafuata nyuma akiyarekebisha, na watacheka. Twaona kicheko kile ni bora kuliko Kaa, kaa.

Limebaki jambo la nafasi. Mfuko usijazwe mpaka mdomoni, kwa sababu Jumapili mchana wenyeji nao watafunga mzigo, na mzigo huo ni haki yao. Watatoa mahindi, ndizi, viazi, karanga, maharage yaliyochaguliwa usiku kwa taa. Mtu asiyekuwa na mahali pa kuvitia husema, Acheni, mjini vipo. Naye amewarudishia mkononi kitu walichokuwa wamekwisha kukitoa moyoni. Zamani wengi waliutegemea mfuko wa plastiki wa dukani, lakini tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ile ya kubebea imepigwa marufuku katika Tanzania. Kwa hiyo atie kikapu au mfuko wa kitambaa uliokunjwa chini ya nguo zake tangu Mwanza. Na ikiwa pana jogoo, afungwe miguu vizuri, na kondakta aulizwe kabla gari halijaanza kwenda, maana wengine humruhusu chini ya kiti, na wengine humtaka akae nyuma pamoja na mizigo.